Lowell, Massachusetts: bei ya kitambaa ilivyoubomoa mji wa mfano

Mwaka 1816 yadi moja ya kitambaa kizito cha pamba, kisichopaushwa, kilichofumwa kwa mashine Waltham karibu na Boston, iliuzwa kwa senti 30. Mwaka 1819 ilikuwa senti 21, mwaka 1826 senti 13, mwaka 1829 senti 8.5, na ilipofika 1843 ilikuwa senti 6.5. Kitambaa ni kilekile. Ukianza na safu hiyo ya bei utakielewa kisa cha Lowell vizuri zaidi kuliko ukianza na sifa ambazo wageni waliutwisha mji huo.

Hata hivyo sifa zenyewe hazikuwa za bure. Matajiri wa Boston walijua hali ya Manchester ya Uingereza: vyumba vya chini ya ardhi, moshi wa makaa, familia nzima zinazoishi kiwandani kizazi baada ya kizazi. Walitaka faida ya viwanda bila ufukara wa aina hiyo, kwa hiyo wakapanga mambo yao kivingine. Mashine zingeendeshwa kwa maji. Wafanyakazi wangekuwa wasichana wa mashambani, watakaokaa miaka michache kisha warudi kwao kuolewa. Wangelala kwenye mabweni yenye nidhamu na kulipwa fedha taslimu. Kwa miaka kumi hivi mpango ulikwenda sawa, na watu walewale walioubuni ndio walioanza kuuvunja.

Mtaji uliokosa bahari

Fedha za kuanzia zilitoka melini. Mwaka 1807 Rais Jefferson alipiga marufuku biashara ya nje, na mwaka 1812 vita na Uingereza vikafuata. Wafanyabiashara wa Boston waliozoea kupeleka meli India, China na Karibi wakabaki na mtaji usio na kazi. Mmoja wao, Francis Cabot Lowell, alikuwa Uingereza kati ya 1810 na 1812, akazunguka viwanda vya Lancashire na Uskoti akitazama mashine za kufuma. Sheria ya Uingereza ilikataza kutoa nchini mashine wala michoro yake, na mafundi walizuiwa kuhama hadi 1824. Hakuna sheria iliyoweza kukagua kichwa cha mgeni.

Hadithi ya kwamba aliibeba mashine kichwani kwa kumbukumbu imetiwa chumvi. Kukumbuka umbo la mashine hakutoshi kuijenga. Aliyeijenga kwa vyuma na mbao ni fundi Paul Moody, kwa kujaribu, kukosea na kurekebisha, hadi kitanda cha kufumia kikafanya kazi Waltham mwishoni mwa 1814. Kampuni yenyewe ilikuwa imeandikishwa mwaka 1813.

Kilichokuwa kipya Waltham ni mpangilio wa kazi. Samuel Slater alikuwa amesokota uzi kwa mashine huko Rhode Island tangu 1790, lakini kiwanda chake kilitoa uzi tu, na kufuma kukabaki kazi ya mikono majumbani. Tena Slater aliajiri familia pamoja na watoto wao. Waltham pamba iliingia mlango mmoja ikiwa robota na kutokea mwingine ikiwa kitambaa, yote chini ya paa moja, na hapakuwa na dalali wala mfumaji wa nyumbani wa kusubiriwa.

Serikali nayo ilisaidia. Ushuru wa 1816 ulihesabu kila yadi ya kitambaa cha pamba kutoka nje kana kwamba ina thamani ya angalau senti 25, kisha ukakata asilimia 25 ya hiyo, yaani senti 6.25. Kwa kitambaa duni cha India, kilichouzwa rahisi kuliko hapo, huo ulikuwa mzigo usiobebeka. Linganisha senti 6.25 hizo na bei ya 1843. Kitambaa cha Lowell kilifika senti 6.5 wakati ushuru peke yake ulikuwa karibu sawa na bei nzima. Hapo mgeni kutoka nje hakuwa tishio kubwa tena. Waliokuwa wakiangushana bei ni Wamarekani wenyewe kwa wenyewe.

Maji yanayopimwa na kukodishwa

Mto Charles pale Waltham ulikuwa mdogo, na baada ya majengo matatu haukuwa na nguvu ya kuongeza. Lowell alifariki mwaka 1817. Wenzake, akina Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, walinunua mwaka 1821 ardhi kwenye maporomoko ya Pawtucket ya Mto Merrimack, mahali ambapo mto unashuka karibu mita 10. Palikuwa tayari na mfereji wa kupitishia mashua uliochimbwa miaka ya 1790. Waliupanua, wakaongeza matawi, na kitambaa cha kwanza kikatoka mwaka 1823. Mji, uliopewa jina la Lowell, uliandikishwa mwaka 1826 ukiwa na watu wapatao 2,500, na ulipofika 1850 walikuwa zaidi ya 33,000.

Biashara ya maji iliendeshwa kwa hesabu kali. Kampuni ya mifereji ilikodisha nguvu kwa kipimo kimoja: maji yanayotosha kuendesha spindeli (pini za kusokotea uzi) 3,584 pamoja na vitanda vya kufuma uzi wake. Kwa maporomoko ya futi 30, hiyo ni futi 25 za ujazo kwa sekunde, karibu lita 708. Ukipiga hesabu unapata nguvu ya farasi 85 ghafi, na gurudumu la mbao la siku hizo likipoteza kama theluthi moja, kinachofika kwenye mashine ni kama farasi 60. Spindeli 3,584 hazikuchaguliwa kwa ubingwa wowote. Ndizo zilizokuwa kwenye jengo la pili la Waltham, na kila kiwanda kipya kikanakili jengo hilo.

Kutoka kwenye gurudumu chini ya jengo, nguvu ilipanda kwa mashafti na gia za chuma. Gia hizo zilikuwa na kelele, zilitikisa jengo, na jino moja likivunjika ghorofa zote zinasimama. Moody mwaka 1828 alizibadilisha kwa mikanda mipana ya ngozi, ambayo ilikwenda kasi zaidi na kwa ulaini. Mkanda ukikatika unashonwa, ila anayesimama karibu nao wakati huo anaweza kupoteza mkono.

Adui mkubwa wa gurudumu alikuwa mafuriko ya masika, na hili huwashangaza wengi. Maji yakijaa mtoni, yanapanda pia upande wa kutokea, tofauti ya kimo inapungua, na gurudumu linaanza kuzunguka likiwa limezama na kujikokota. Mto umefurika, kiwanda kimekosa nguvu. Dawa yake ilikuwa turbini, inayofanya kazi hata ikiwa ndani ya maji. Uriah Boyden alifunga ya kwanza hapo mwaka 1844, na mhandisi mkuu wa mifereji, Mwingereza James B. Francis, akaiboresha mwishoni mwa muongo huo. Turbini ya Francis ndiyo aina inayozunguka leo Kidatu, na pia zile tisa za megawati 235 kila moja kwenye bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji.

Kampuni hiyo ya mifereji ndiyo iliyokuwa pia na karakana ya kuunda mashine. Ilipata fedha kila kiwanda kipya kilipojengwa, maana ilikiuzia ardhi, ikakikodisha maji, ikakiuzia mashine. Kilichomnufaisha muuza mashine kilimwongezea mfuma kitambaa mshindani mmoja zaidi. Wanahisa wakubwa walikuwa walewale pande zote mbili, kwa hiyo hawakuwa na haraka ya kusimamisha ujenzi. Kampuni ya Hamilton ilianza 1825, Appleton na Lowell 1828, Suffolk, Tremont na Lawrence mwanzoni mwa miaka ya 1830, Boott 1835, Massachusetts 1839. Vingi vya viwanda hivyo vilitoa kitambaa cha kawaida cha bei ya chini. Bei ingekosaje kuanguka?

Kutoka robota hadi gora

Pamba ilifunguliwa na kupigwa kwenye jengo la pembeni, kwa kuwa vumbi lake hushika moto upesi. Ghorofa ya chini ya jengo kuu ilikuwa ya mashine za kuchana, nzito na zenye mtikisiko. Juu yake palikuwa pa kusokotea, na juu zaidi pa kufumia. Chumba cha kupaka wanga mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) kilikuwa na joto kuliko vyote, kwani wanga lazima ukauke kabla uzi haujazungushwa kwenye roli. Msichana aliyeifanya kazi hiyo alilipwa vizuri kuliko wenzake wengi. Mwisho kilikuwapo chumba cha kukagua, kupima na kukunja, na dosari iliyoonekana hapo ilirudi kwa mfumaji ikiwa makato.

Tusimame kidogo kwenye kitanda cha kufumia. Nyuzi za mtande zinatoka roli ya nyuma na kupita kwenye fremu mbili zinazopanda na kushuka kwa zamu. Kibao chenye bobini ya mshindio (uzi unaopita kukingama) kinarushwa katikati zaidi ya mara 100 kwa dakika, na kila kikipita, kitana kinausukuma mshindio ukae. Kazi ya mfumaji ni macho na vidole. Anabadilisha bobini iliyokwisha, anaunga uzi wa mtande uliokatika, anasimamisha kitanda kabla dosari haijafika urefu wa kukatwa malipo. Bobini mpya ikishawekwa, ncha ya uzi inapaswa kupita kwenye tundu dogo la kibao, na njia ya haraka ilikuwa kuweka mdomo na kufyonza. Pamoja na uzi zinaingia nyuzinyuzi na vumbi la pamba. Kibao hichohicho mwenzake amekifyonza asubuhi.

Madirisha yalifungwa hata kiangazi. Uzi wa pamba hewani pakavu hukatika ovyo, kwa hiyo hewa ilihitaji unyevu, na penye uhaba wa unyevu ulinyunyizwa mvuke. Miezi ya baridi giza liliingia kabla ya kengele ya kutoka, taa za mafuta zikawashwa. Mfanyakazi mmoja aliiambia kamati ya bunge la jimbo mwaka 1845 kwamba chumba chake, chenye watu kama 150, kilikuwa na taa ndogo 293 na kubwa 61, na nyakati nyingine ziliwashwa asubuhi na jioni.

Wasichana na hesabu yao

Kwa nini wasichana? Wanaume wa New England walikuwa na mashamba, au walielekea magharibi kulikokuwa na ardhi rahisi. Mabinti wa New Hampshire, Vermont na Maine walikuwa nguvu kazi ambayo kusokota kwao kwa mkono nyumbani kumeuawa na mashine zilezile. Mwalimu wa kike wa kijijini au mtumishi wa ndani alipata kidogo kuliko mfumaji wa Lowell. Miaka ya 1830 msichana aliweza kupata takriban dola 3 kwa wiki, akakatwa dola 1.25 za chakula na malazi, akabakiwa na fedha mkononi zilizo zake. Wengine walilipa deni la shamba la baba, wengine walimsomesha kaka, wengi walinunua nguo na vitabu na kuweka akiba benki.

Badala yake walitoa saa kama 73 kwa wiki, siku sita, wastani wa saa kumi na mbili na zaidi kidogo kwa siku, kengele ikiita alfajiri. Bweni lilisimamiwa na mama, mara nyingi mjane, aliyelisha wasichana 25 au zaidi, wanne hadi sita chumba kimoja, wawili kitanda kimoja. Mlango ulifungwa saa nne usiku na kanisani ilikuwa lazima kwenda. Aliyetaka kuacha kazi alitakiwa awe ametimiza mwaka na atoe taarifa ya wiki mbili. Asipofanya hivyo hapewi cheti, na bila cheti hakuna kampuni nyingine mjini itakayomchukua. Washindani wa soko walishirikiana vizuri sana katika hili.

Sasa rudi kwenye bei. Mfereji, bwawa, majengo na mabweni vimeshalipiwa na havipunguzwi. Pamba bei yake inatoka New Orleans na Liverpool. Wanahisa wamezoea gawio nono na wanalitaka. Katika vitabu vya kampuni mstari uliobaki wa kukatwa ulikuwa mishahara, na Februari 1834 ukakatwa. Wanawake wapatao 800 waligoma, kama mmoja katika sita, na baadhi wakaenda benki kutoa akiba zao kwa mkupuo. Mgomo uliisha kwa siku chache bila kupata kitu. Ulianza ghafla, maghala yalikuwa yamejaa kitambaa kisichouzika, na kwa wakati huo kiwanda kusimama hakukuwaumiza wenye viwanda.

Oktoba 1836 mbinu ilibadilika. Gharama ya bweni ilipandishwa, mshahara ukabaki vilevile kwenye daftari, na kwa msichana hilo lilikuwa punguzo lilelile kwa jina jingine. Safari hii biashara ilikuwa nzuri na mikono haitoshi. Waliogoma walikuwa kati ya 1,500 na 2,000, wengine wakarudi makwao badala ya kungoja mjini, na walihakikisha wamezisimamisha idara ambazo bila hizo kiwanda kizima hukwama. Baadhi ya kampuni zilirudi nyuma. Mwaka uliofuata mdororo wa 1837 ukaja na nguvu ile ya kujadiliana ikayeyuka.

Baada ya hapo wenye viwanda hawakuhitaji tena kutangaza punguzo. Waliongeza kasi ya mashine, wakashusha malipo ya kila gora, kisha wakampa mfumaji kitanda cha tatu na cha nne badala ya viwili. Wasimamizi walipewa bonasi kwa idara iliyozalisha zaidi. Mshahara wa wiki ulibaki karibu palepale huku kazi ikiwa imeongezeka maradufu. Njia hii ni ngumu kuipinga kuliko punguzo la wazi, kwa kuwa haina siku moja ya kuigomea.

Kuna mara moja ilipingwa ikashindwa, mwaka 1846 kwenye kampuni ya Massachusetts. Wafumaji waliambiwa wachukue kitanda cha nne na malipo ya kila gora yapungue senti moja. Karibu wote walitia saini ahadi kwamba hakuna atakayekigusa, na kampuni ikaacha. Hawakutoka nje hata siku moja. Sababu ya kushinda kwao ni ya kawaida tu: mfumaji wa vitanda vitatu alichukua miezi kufundishwa, na hakuwapo mwingine getini.

Madai makubwa zaidi yalikuwa siku ya saa kumi. Sarah Bagley na wenzake waliunda chama cha wanawake wafanyakazi mwishoni mwa 1844, wakapeleka maombi bungeni. Kamati iliwasikiliza mwaka 1845, ikakubali kwamba mambo si mazuri yote, ikasema dawa haiko kwa wabunge. Mwaka uliofuata saini zilizidi 4,000. Jibu halikubadilika, na wengi wa waliotia saini, wakiwa wanawake, hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Wasichana wa mashambani wakaanza kutorudi. Hapo njaa ya viazi ya Ireland, iliyoanza 1845, ikawaleta wengine. Kwenye kampuni ya Hamilton mwaka 1836 wazaliwa wa nje walikuwa chini ya asilimia 4 ya wafanyakazi. Mwaka 1860 walizidi asilimia 60. Familia ya Kiireland ilikaa nje ya mabweni, watoto wakaingia kiwandani pamoja na mama zao, na hawakuwa na shamba la kurudia. Kile walichoahidi waanzilishi kwamba hakitakuwapo Marekani, tabaka la kudumu la kiwandani, kilikuwa kimeshafika.

Pamba ya nani, nguo ya nani

Robota zilizofika Lowell zilivunwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Kitambaa duni kabisa kilirudi hukohuko kuwavisha watumwa, na Kusini kilijulikana kwa jina la mji wenyewe. Mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner alisema wazi kwamba mabwana wa kiboko na mabwana wa kitanda cha kufumia wameungana. Baadhi ya wasichana hao walikuwa wakisaini maombi ya kukomesha utumwa wakati mikono yao iko kwenye pamba hiyo.

Nguo nyingine ilivuka bahari. Mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliweka ushuru wa asilimia 5 bandarini, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, bandari ya Massachusetts, akafika Unguja kama balozi mdogo. Meli za Salem zilileta kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, nasi tukakiita merikani. Zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Kilikuwa kizito, hakikupakwa wanga mwingi wa kudanganyia uzito, na ndani ya bara kilikuwa fedha: misafara ililipa hongo na chakula kwa kukikata. Kiwanda kilichoshindwa kupata faida ya kutosha kwa senti 6.5 nyumbani kilikuwa na kila sababu ya kutafuta soko la mbali kiasi hicho.

Mtindo wa Lowell ulinakiliwa Chicopee, Manchester ya New Hampshire na Lawrence, mara nyingi na wenye hisa haohao. Lawrence ndiko jengo la Pemberton lilikoanguka Januari 1860 na kuua makumi ya watu. Nguzo za chuma zilikuwa na kuta zisizo na unene sawa, na juu yake zikarundikwa mashine nyingi kuliko zilivyoweza kubeba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, kampuni nyingi za Lowell ziliona kuuza pamba iliyopo ghalani kuna faida kuliko kuifuma. Zilisimamisha mashine na kuwaachisha kazi watu wapatao 10,000. Wafumaji wazoefu walitawanyika, shehena za merikani zikapungua Unguja, nguo za Kiingereza na za Bombay zikachukua nafasi, na viwanda vya miji mingine vilivyoendelea kufuma vikapata faida kubwa ya bei za wakati wa vita. Saa kumi zilipatikana kisheria mwaka 1874, kwa wanawake na watoto, lakini sheria iliadhibu tu mwajiri aliyevunja kwa makusudi. Thibitisha basi mahakamani kwamba msimamizi alikusudia! Maneno hayo yaliondolewa mwaka 1879, na hapo ndipo wakaguzi walipopata cha kushikia.